Taamuli Humtua Mwanafunzi Mzigo Upi?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State nchini Marekani waliwahi kuwaomba wanafunzi 11 wa udaktari wa meno wakubali kutobolewa kidonda kidogo kwenye kaakaa, mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa likizo ndefu. Mara ya pili, upande mwingine wa kaakaa, ilikuwa siku tatu kabla ya mtihani mkubwa wa kwanza wa muhula. Kidonda kilikuwa cha ukubwa uleule, milimita 3.5, na mdomo ulikuwa wa mtu yuleyule. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998. Kidonda cha wakati wa mtihani kilichukua wastani wa siku tatu zaidi kufunga, yaani muda uliozidi ule wa likizo kwa asilimia 40, na hakuna hata mmoja kati ya wale 11 ambaye alipona wakati wa mtihani kwa kasi aliyopona nayo likizoni.

Nimeanza na vidonda hivi kwa sababu vyuoni kwetu msongo wa mawazo bado huzungumzwa kana kwamba ni suala la moyo mgumu na moyo mlegevu. Mwanafunzi akisema hapati usingizi wiki ya mitihani, hukumbushwa kwamba wazazi wake walisoma kwa koroboi, wakaenda shule kwa miguu, na hawakulalamika. Lakini kaakaa halina deko wala uvivu. Lina seli zinazopaswa kuziba tundu, na seli hizo zilichelewa kwa sababu mwenye kaakaa alikuwa anasubiri mtihani. Wala wanaoelemewa si wachache. Utafiti wa kimataifa uliofanywa chini ya mpango wa Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2018 uliwahoji wanafunzi 13,984 wa mwaka wa kwanza katika vyuo 19 vya nchi nane, Afrika Kusini ikiwa mojawapo, ukakuta kwamba asilimia 35 walikuwa wamewahi kuwa na dalili za walau tatizo moja la afya ya akili. Sonona na wasiwasi uliopitiliza ndizo zilizotangulia.

Kati ya tiba zinazopigiwa debe siku hizi kwa ajili ya hali hiyo, taamuli inasifiwa kuliko nyingi na kueleweka vibaya kuliko nyingi. Kwa taamuli nina maana ya zoezi la kukaa kimya kwa muda uliopangwa na kuituliza akili kwa kuielekeza kwenye kitu kimoja, mara nyingi pumzi. Wapo wanaoiona dawa ya kila kitu. Wapo wanaoiona ibada ya kigeni, au mchezo wa watu wenye shibe. Ushahidi uliopo hauwapi ushindi hawa wala wale. Unachoonyesha, kwa jinsi ninavyousoma, ni kwamba msongo wa mwanafunzi ni mizigo miwili iliyofungwa pamoja: uzito wa jambo lenyewe, na uzito wa kuliwaza jambo hilo bila kukoma. Taamuli hufanya kazi kwenye mzigo wa pili tu. Ukiushika ukweli huo, tafiti zinazoonekana kugombana zinaanza kusomeka vizuri, na madai tunayopaswa kuyapeleka kwa vyuo yanakuwa wazi zaidi.

Tuanze na mwili. Mwaka 1915 Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Harvard, alieleza jinsi mnyama aliyetishwa anavyojiandaa kupigana au kukimbia: moyo hudunda, sukari huongezeka kwenye damu, damu huondoka tumboni na kwenda kwenye misuli. Mwaka 1936 Hans Selye, akifanya kazi mjini Montreal, aliandika katika jarida la Nature kwamba panya waliopewa mateso tofauti kabisa, baridi, majeraha, kazi nzito ya misuli au sumu, walionyesha mabadiliko yaleyale. Tezi za adrenali, zile zinazokaa juu ya figo, zilivimba. Viungo vya kinga vilisinyaa. Tumbo lilipata vidonda. Leo tunajua njia inayopitiwa. Ubongo hutuma ishara kwenye tezi ndogo iliyo chini yake, tezi hiyo huziamsha adrenali, nazo humwaga homoni ya kotisoli; adrenalini nayo hutoka kwenye adrenali hizohizo, ila kwa ishara ya neva. Kwa dakika chache hiyo ni neema. Ikiendelea kwa wiki kadhaa, kinga ya mwili hudhoofika, usingizi hukatika, na vidonda vya kaakaa huchelewa kupona.

Kwa nini basi iendelee kwa wiki kadhaa, wakati mtihani wenyewe ni wa saa tatu? Mwanasayansi aliyetumia miaka mingi kutafuta jibu la swali la namna hii alilitafutia hapa kwetu Afrika Mashariki. Robert Sapolsky wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza mwaka 1978 kuwafuatilia nyani wa Maasai Mara, akiwachukua damu na kupima homoni zao msimu baada ya msimu. Kitabu chake cha mwaka 1994 kinauliza kwa nini punda milia hawapati vidonda vya tumbo kutokana na msongo. Jibu lake ni kwamba punda milia akifukuzwa na simba, hofu yake huanza na kwisha pamoja na mbio zile. Akinusurika, anarudi kula majani. Binadamu ana uwezo ambao punda milia hana: anaweza kuamsha mwili wote kwa vita kwa kuwaza tu. Mwanafunzi aliyelala kitandani saa nane za usiku, mlango umefungwa, hakuna anayemfukuza, anaweza kuwa na moyo unaodunda kwa sababu anahesabu alama ambazo hajazipata na kuwaza kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, ambako hakujatokea. Kemia ya mwili haitofautishi sana kati ya simba na wazo la simba.

Hapo ndipo saikolojia inapoingia. Richard Lazarus na Susan Folkman, katika kitabu chao cha mwaka 1984, walisema msongo hautokani na tukio peke yake. Unatokana na jinsi mtu anavyolipima tukio hilo akililinganisha na uwezo wake wa kulikabili. Kauli hiyo ingeweza kubaki nadharia tu, lakini imejaribiwa. Mwaka 2010 Jeremy Jamieson na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa Marekani waliokuwa wanajiandaa na mtihani wa kuingilia masomo ya uzamili. Nusu yao waliambiwa jambo moja fupi kabla ya zoezi: kwamba moyo kudunda kabla ya mtihani si dalili ya kushindwa, na kwamba huenda kukawasaidia kufanya vizuri. Waliosikia hayo walipata alama za juu zaidi za hisabati kwenye zoezi, na baadaye kwenye sehemu ya hisabati ya mtihani wenyewe. Mtihani haukubadilika. Miili yao haikulazimishwa kutulia. Kilichobadilika ni maana waliyoipa hali yao.

Matokeo hayo yanajibu pia pingamizi moja linalosikika mara kwa mara, kwamba msongo ni mzuri kwa sababu humfanya mwanafunzi asome. Kiasi fulani ni kizuri kweli. Robert Yerkes na John Dodson walionyesha mwaka 1908, kwa kutumia panya, kwamba msukumo unapoongezeka mnyama hujifunza vizuri zaidi, lakini kwa kazi ngumu msukumo ukivuka kiwango fulani kujifunza kunaharibika. Anayetetea msongo wa kufaa hapaswi kuutetea ule unaomzuia mwanafunzi kukumbuka jina la somo analolifanyia mtihani.

Taamuli inafanya nini kwenye mzigo huu wa pili? Zoezi lenyewe ni jepesi kulieleza. Mtu hukaa, mgongo ukiwa umenyooka, akaiangalia pumzi yake ikiingia na kutoka. Baada ya sekunde chache akili inatoroka: inakwenda kwenye ada, kwenye ugomvi wa jana, kwenye swali la nne. Anapogundua imetoroka anairudisha kwenye pumzi, kama mchungaji anavyomrudisha ndama kundini bila kumpiga, kisha inatoroka tena na anairudisha tena. Wengi hujaribu mara moja, wakaona akili haitulii, wakasema hawana kipaji cha jambo hili. Lakini kule kurudisha ndiko zoezi. Anayefanya hivyo kila siku anajifunza kuligundua wazo la hofu likiwa ndiyo kwanza linaanza, kabla halijamburuta kwa saa nzima, na anajifunza kwamba anaweza kuliacha lipite bila kubishana nalo.

Njia hii ina mizizi mirefu katika dini za Bara Hindi na Asia ya Mashariki, na hospitali za Magharibi ziliichukua hivi karibuni tu. Herbert Benson, daktari wa moyo wa Harvard, aliwapima watu waliokuwa wakitaamali, akaeleza katika kitabu cha mwaka 1975 kwamba mwili una hali ya utulivu iliyo kinyume cha ile ya kupigana au kukimbia: pumzi hupungua kasi, mapigo ya moyo hushuka, misuli hulegea. Miaka minne baadaye, mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha katika shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Massachusetts kozi, ambayo leo ni ya wiki nane, kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyokwisha. Kozi hiyo ndiyo iliyopimwa kuliko nyingine zote, na tafiti nyingi za leo ni watoto wake.

Ushahidi wenyewe unahitaji kusomwa kwa utulivu, maana hapa ndipo watu wanapotia chumvi. Mwaka 2014 Madhav Goyal na wenzake walikusanya majaribio 47 yenye washiriki 3,515 na kuyapima kwa pamoja. Walikuta kwamba kozi za taamuli hupunguza wasiwasi, sonona na maumivu kwa kiasi kidogo hadi cha wastani. Walikuta pia kwamba hakuna ushahidi kuwa taamuli inazishinda tiba nyingine kama mazoezi ya viungo, dawa au tiba za kubadilisha tabia. Jaribio lililoongozwa na Elizabeth Hoge, lililochapishwa mwaka 2022, lilikwenda hatua moja mbele: watu wazima 276 wenye maradhi ya wasiwasi waligawanywa kwa kura, nusu wakapewa kozi ya wiki nane, nusu wakapewa esitalopramu, dawa inayotumika sana kwa maradhi hayo. Makundi yote mawili yalipata nafuu inayokaribiana. Kwa upande mwingine, dai lililovuma kwamba wiki nane za taamuli hubadilisha umbo la ubongo limepata pigo. Lilitokana na tafiti za watu wachache, na utafiti mkubwa zaidi uliochapishwa mwaka 2022, wenye washiriki zaidi ya 200, haukuyaona mabadiliko hayo. Anayekuuzia taamuli kwa picha za ubongo anakuuzia habari iliyopitwa na wakati.

Kwa mwanafunzi wa chuo, jaribio lenye uzito zaidi ni la Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, lililoongozwa na Julieta Galante na kuchapishwa mwaka 2018. Wanafunzi 616 waliojitolea waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Wote walibaki na haki ya kutumia huduma za kawaida za ushauri nasaha za chuo; kundi moja liliongezewa kozi ya taamuli ya wiki nane. Kipimo kikuu kilichukuliwa kwenye msimu wa mitihani, baada ya kozi kumalizika. Katika kundi lisilopata kozi, asilimia 57 walikuwa na dhiki ya akili iliyovuka kiwango ambacho madaktari hukihesabu kuwa cha kutia shaka. Katika kundi lililopata kozi walikuwa asilimia 37. Mitihani ilikuwa ileile, wahadhiri walewale, baridi ileile ya Cambridge.

Miaka minne baadaye, hukohuko Uingereza, yalitoka matokeo ya jaribio kubwa zaidi la shuleni. Shule 85 zilishiriki, na watoto zaidi ya 8,000 wenye umri kati ya miaka 11 na 13. Shule zilizochaguliwa kwa kura zilifundisha taamuli darasani. Nyingine ziliendelea na masomo yao ya kawaida ya stadi za maisha. Hapakuwa na tofauti ya maana. Wapo waliopokea habari hizo kama hukumu ya kifo juu ya jambo zima. Mimi naona zinakubaliana na zile za Cambridge. Wanafunzi wa Cambridge walijichagua wenyewe, walikuwa watu wazima, na walikuwa na mitihani mahususi inayowasubiri. Watoto wale waliwekwa darasani bila kuomba, na wengi wao hawakulifanya zoezi nyumbani. Huwezi kumtua mtu mzigo wa mawazo ambao hajauhisi, wala kumfundisha ustadi asioufanyia mazoezi. Chuo kitakacholazimisha kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuhudhuria kipindi cha taamuli ili apate alama kitapoteza muda wa watu wengi.

Yapo mapingamizi mazito zaidi. La kwanza, kwa jamii zetu, ni la imani. Mwislamu au Mkristo anaweza kuuliza kwa haki kabisa kama anaingizwa kwenye ibada ya watu wengine kwa mlango wa afya. Swali hilo halistahili kubezwa. Kozi inayomtaka mshiriki ataje jina la mungu wa dini nyingine imevuka mpaka, na mwanafunzi ana haki ya kuondoka. Lakini sehemu ya zoezi inayotuliza mwili haikuwahi kuwa mali ya dini moja. Benson aliwashauri wagonjwa wake wachague neno au dua fupi kutoka katika imani yao wenyewe. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza kipimo walichokifanya kwa watu 23 wenye afya: waliposali rozari kwa Kilatini, na walipokariri mantra ya yoga, pumzi zao kwa njia zote mbili zilishuka hadi kama sita kwa dakika, na mfumo unaorekebisha shinikizo la damu ukafanya kazi vizuri zaidi. Anayevuta uradi kwa tasbihi baada ya swala, kwa sauti ya chini na bila haraka, huenda mwili wake unapita njia hiyohiyo. Yeye haabudu ili ashushe mapigo ya moyo, na si haki kuigeuza ibada yake kuwa kidonge. Ninachosema ni kwamba mwenye desturi hiyo tayari ana mlango wa utulivu ndani ya nyumba yake mwenyewe, na asiye nayo anaweza kuangalia pumzi yake bila kukana chochote anachokiamini.

Pingamizi la pili ni la madhara, na watangazaji wa taamuli hulipita haraka mno. Willoughby Britton na Jared Lindahl wa Chuo Kikuu cha Brown walichapisha mwaka 2017 utafiti wa watu waliopatwa na matatizo kutokana na taamuli: hofu kali, kumbukumbu za mambo mabaya kurudi kwa nguvu, hisia ya kujitenga na mwili. Wengi wao walikuwa watu wa mazoezi marefu, si wa dakika kumi kwa siku, hata hivyo onyo linatuhusu. Mwanafunzi aliyepitia ukatili, au ambaye sonona imemfikisha mahali pa kuwaza kujiua, asiambiwe akae kimya na mawazo yake. Huyo anahitaji mtu: mshauri, daktari, mzazi au rafiki wa kumsindikiza hospitali, na anamhitaji leo.

Pingamizi la tatu ndilo ninalolipa uzito wote. Linasema taamuli ni njia ya kumfundisha mwanafunzi avumilie yasiyopaswa kuvumiliwa. Bumu, yaani fedha za kujikimu, limechelewa wiki tano, chumba cha watu wawili kinalala sita, mitihani miwili imepangwa siku moja, na chuo kinaleta mwalimu wa kupumua. Ushahidi wa hapa kwetu unaliunga mkono pingamizi hili kwa nguvu. Kati ya mwaka 2011 na 2013, huko Rarieda katika kaunti ya Siaya, Kenya, kaya maskini zilichaguliwa kwa kura zikapewa fedha bila masharti. Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro, waliochapisha matokeo mwaka 2016, walikuta furaha imepanda, msongo na sonona vimeshuka. Walipima hata kotisoli kwenye mate: kwa wastani wa wote haikubadilika, lakini ilikuwa chini kwa waliopewa kiasi kikubwa kuliko kwa waliopewa kidogo. Kisha wao pamoja na Robert Mudida walifanya jaribio jingine katika vijiji vya Kenya, likihusisha zaidi ya watu 5,000. Baadhi walipewa fedha. Wengine walipewa programu ya wiki tano ya ushauri wa kisaikolojia iliyotungwa na Shirika la Afya Duniani, ambayo ndani yake mna mazoezi ya kupumua taratibu. Mwaka mmoja baadaye waliopewa fedha walikuwa na maisha bora na akili tulivu zaidi. Programu ya ushauri haikuonyesha athari yoyote inayopimika. Ni kweli kwamba washiriki hawakuchaguliwa kwa sababu ya kuumwa, na pengine kwa wagonjwa ingefanya vizuri zaidi. Lakini ujumbe kwa mwenye mzigo wa kwanza ni dhahiri: anayekosa nauli anahitaji nauli.

Nyani wa Mara wanatoa ushahidi wa aina nyingine juu ya jambo hilohilo. Kwa kawaida, dume wa daraja la chini alikuwa na kotisoli nyingi, kwa kuwa kila siku alipigwa, alinyang'anywa chakula na kuonewa na walio juu yake. Katikati ya miaka ya 1980, katika kundi moja alilolifuatilia Sapolsky, madume wakali walikuwa na tabia ya kwenda kupigania mabaki ya chakula kwenye jalala la hoteli ya watalii. Wakala nyama yenye kifua kikuu, wakafa. Walibaki madume wapole na majike. Kundi likatulia, na cha kushangaza ni kwamba utulivu huo uliendelea miaka mingi baadaye, hata baada ya madume wapya kutoka nje kuingia na wale wa zamani kwisha wote. Katika kundi hilo jipya, kama Sapolsky na Lisa Share walivyoandika mwaka 2004, dume wa chini hakuonyesha tena zile dalili za mwili za msongo. Hakuna aliyemfundisha kupumua. Jamii iliyomzunguka ndiyo iliyobadilika.

Nalikubali basi pingamizi hili, lakini sikubali linapohitimisha kwamba taamuli haina kazi chuoni. Hata chuo kikilipa kwa wakati, mtihani utabaki kuwa mtihani, msiba wa nyumbani utatokea katikati ya muhula, na akili ya binadamu itaendelea kukesha na mambo ambayo hayajatokea. Wanafunzi wa Cambridge wanasoma katika chuo tajiri kuliko karibu vyote duniani, na bado zaidi ya nusu ya wasiopata kozi walifika msimu wa mitihani wakiwa na dhiki ya kutia shaka. Kumwambia mwanafunzi asubiri nchi itengemae ndipo ajifunze kulala ni kumwacha peke yake na mzigo ambao ungeweza kupunguzwa sasa. Kosa linatokea pale mzigo mmoja unapotumiwa kuficha mwingine: mkuu wa chuo anayetumia taamuli kukwepa swali la fedha, au mwanaharakati anayetumia swali la fedha kuidharau afya ya akili ya mwenzake.

Watakaosema hatuna wataalamu wa kutosha wanasema kweli, ila kuna jibu lililopimwa Nairobi na vitongoji vyake. Mkenya Tom Osborn alianzisha mpango wa Shamiri, unaowatumia vijana waliomaliza sekondari si muda mrefu, waliopewa mafunzo mafupi, kuongoza vikundi vya wanafunzi kwa vikao vinne vya saa moja. Vikao hivyo si vya taamuli. Vinazungumzia uwezo wa mtu kubadilika, shukrani, na mambo anayoyathamini maishani, lakini vinalenga mzigo uleule wa pili, yaani jinsi kijana anavyoyawaza maisha yake. Jaribio lililochapishwa mwaka 2021 liliwahusisha wanafunzi 413 wenye dalili za sonona au wasiwasi, na waliopata Shamiri walipungukiwa dalili kuliko wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Kama kijana wa miaka kumi na tisa anaweza kuongoza kikao kama hicho katika shule ya sekondari, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa saikolojia anaweza kuongoza kikundi cha kuangalia pumzi hosteli, akiwa chini ya uangalizi wa mshauri wa chuo anayejua ni nani wa kumpeleka hospitali.

Kozi ya namna hiyo iwe ya hiari, na ianze wiki ya tatu ya muhula ili wiki zake nane zimalizike kabla ya mitihani. Mwanafunzi anayeanza kujifunza kutulia usiku wa kuamkia mtihani amechelewa. Isiwe na alama wala cheti. Iendeshwe jioni, mahali ambapo wa bweni na wa nje ya chuo wote wanaweza kufika, na anayetaka kuangalia pumzi na anayetaka kurudia dua yake kimoyomoyo wote wapewe nafasi. Na kwenye ubao uleule litakapobandikwa tangazo la kozi, chuo kibandike pia tarehe ya kutoka fedha za kujikimu na ratiba ya mitihani isiyobadilishwa dakika za mwisho, ikiwa na jina la ofisi itakayojibu tarehe hiyo ikipita.